Shati Lililosakwa Mji Mzima

Tuanze na aibu, kwa sababu hata tukiizunguka itatungoja mbele: siku ile mjinga alikuwa Kicheko. Si yule bawabu wa shule aliyekamatwa kwa kosa la kuvaa kaki, wala si makonstebo waliosimamisha magari juani mpaka midomo ikawakauka. Mjinga alikuwa mpelelezi mwenyewe, mtu mzima mwenye meno yote na kesi nyingi mgongoni, ambaye kituo kizima kilikuwa kinamwandalia gwaride la kumvisha tepe mpya.

Jina la Kicheko hakupewa na mama yake. Alipewa kituoni, maana mdomo wake haukujua kukaa bure. Akikuta watu wanazozana huwatania mpaka wakasahau walichozozania, na watuhumiwa wengi walikuwa wamekiri mambo yao huku wakicheka, wakaja kushtuka wamo rumande. Dunia ilimchapa mapema, akaona heri awahi kucheka kabla hajachekwa.

Asubuhi hiyo aliitwa dukani kwa Dobi. Dobi alikuwa amelala chali kati ya meza na ukuta, kichwa kimepasuliwa kwa pasi yake mwenyewe, ile nzito ya mkaa aliyoiamini kuliko ya umeme. Makaa yalikuwa yametoboa blanketi la mezani na chumba kizima kilinuka pamba iliyoungua. Droo ya meza ilichomolewa ikapinduliwa sakafuni. Juu, nguo zilizokwisha kunyooshwa zilining'inia kwenye waya, zimetulia kana kwamba wenyewe wangeingia muda wowote kuzichukua. Chini, karibu na mlango wa uani, lilikaa beseni kubwa la kulowekea, povu limeshakufa na maji yana wekundu uliofifia.

Kicheko alimjua marehemu, tena kuliko alivyotaka konstebo wa picha ajue. Hakumtazama usoni kwa muda mrefu. Akaanza kumwaga amri: droo ipigwe picha, pasi ipigwe picha, mlango uangaliwe kama umevunjwa. Mlango ulikuwa mzima. Konstebo mmoja alijikwaa kwenye beseni, na Kicheko akaagiza litolewe uani lisije likawamwagikia, akaongeza kwamba kuna mteja hapo ameuziwa kitambaa kinachochuja rangi na atakuja kugombana na maiti. Hakuna aliyecheka, lakini beseni lilitolewa.

Ndipo alipoinua macho kwenye waya akaona pengo. Shati lake la sare, lile la vifungo vya shaba alilolileta kwa mkono wake linyooshwe kwa ajili ya gwaride, halikuwepo.

Basi mambo yote yakamnyookea. Droo imepekuliwa na sare ya polisi imechukuliwa. Hawa ni majambazi wanaotaka kuvaa upolisi wakasimamishe magari ya watu, na Dobi ameuawa kwa kukataa kutoa shati. Alimpigia simu Mkuu wa kituo, akaieleza nadharia hiyo kwa ufasaha mpaka akaipenda mwenyewe. Mkuu naye akaipenda. Vizuizi vikawekwa barabarani, redio zikakoroma, na kabla ya adhuhuri yule bawabu alikuwa ameshaingizwa selo, akiuliza kwa upole ni nani sasa atakayewagongea watoto kengele. Shati lake lilikuwa na nembo ya shule kifuani. Lilikaguliwa mara kadhaa, ndani na nje.

Mke wa marehemu hakuulizwa kitu. Ndiye aliyemkuta mumewe, aliporudi kutoka kuchota maji, na majirani walikuwa wamempeleka nyumbani kwake, ng'ambo ya ua. Kicheko alisema aachwe apumzike, na waliosikia wakamwona mtu wa huruma. Ukweli ni kwamba alikuwa anamkwepa.

Alipomkwepa mpaka alasiri, Mkuu alifungua jalada akakuta maelezo ya mjane hayamo. Akauliza hii ni kesi ya mauaji au ya shati. Kicheko akachukua karatasi na kalamu, akaenda.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Wanawake waliokaa sakafuni walimpisha bila kumjibu salamu vizuri. Mke wa Dobi alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho makavu, mikono mapajani. Siku zote alimwita Kicheko shemeji, na humo ndani Kicheko alikuwa ameshawachekesha yeye na mumewe mpaka wakamwaga chai.

"Karibu, afande," alisema.

Kicheko alitoa pole. Ilitoka nusu. Mwanamke aliwaomba majirani watoke kidogo, akafungua sanduku la nguo, akachomoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka magotini kwa mgeni.

"Nasikia mji mzima unalitafuta," akasema.

Vifungo vya shaba vilikuwa vinang'aa. Shati lilikuwa limepigwa pasi, mikunjo imesimama kama makali ya kisu.

Inafaa tuseme hapa kwa nini mpelelezi alikaa na shati lake magotini kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Miezi michache nyuma, Dobi alipokuwa ananyoosha suruali ya kijana mmoja, vidole vyake viligusa vitu vigumu kiunoni, vimeshonewa ndani ya ukanda. Zilikuwa kete za unga, dawa za kulevya zilizokuwa zinawamaliza vijana wa mtaa ule, na ndugu yake Dobi wa mama mmoja alikuwa ameshazikwa kwa sababu ya unga huo. Kijana mwenye suruali alikuwa mdogo wake Mwenye Matairi, tajiri wa gereji ya barabarani. Dobi alimnong'oneza Kicheko, na Kicheko akamvizia kijana akamkamata. Kijana akawahi kumeza kete alizokuwa nazo mkononi. Zilimpasukia tumboni, akafa hospitalini kabla hajafika mahakamani. Mwenye Matairi aliapa makaburini, watu wakisikia, kwamba aliyemuuza mdogo wake atamjua tu. Shehena iliyokutwa chumbani kwa kijana ndiyo iliyomletea Kicheko tepe. Jina la mtoa habari halikuandikwa popote. Walilijua watu watatu: Dobi, mkewe na Kicheko. Mkuu aliambiwa tu kwamba ni dobi fulani.

"Alilitoa kwenye waya siku ileile uliyolileta," mke wa Dobi alisema. "Alilipiga pasi humu ndani, mlango umefungwa."

Kicheko aliuliza kwa nini, ingawa jibu lilikuwa limeshaanza kumpanda shingoni.

Mwanamke akasimulia polepole, bila kupandisha sauti. Siku ile yeye alikuwa nyuma ya pazia la duka, anakamua mashuka. Alisikia kila kitu. Alimsikia shemeji akiingia na vishindo vyake, akamsikia mumewe akiguna kwa mshangao, maana mapatano yalikuwa kwamba polisi huyu asikanyage pale dukani kamwe, na polisi wote wa kituo hufuliwa na wake zao au na dobi wa kambini. Kisha akasikia utani.

"Uliusema mwenyewe, afande. Urudie, uandike."

"Shemeji..."

"Urudie."

Kicheko alitazama mlango. Akaurudia utani wake kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka.

"Nilisema: piga pasi vizuri, ndugu yangu, cheo chenyewe umenipa wewe."

"Na kwenye benchi alikaa nani?"

Alikuwa Pancha, fundi wa kuziba matairi pale gereji, kaja kufuata ovaroli lake likawa bado halijafuliwa. Kicheko alikuwa amemwona. Alikuwa amemsalimia, tena akamtania kwamba mashavu yake yamejaa upepo. Pancha alicheka kidogo, akaaga, akasema ovaroli atalifuata siku nyingine.

Yaliyobaki mjane hakuyasimulia kwa urefu, kwa kuwa msikilizaji aliyajua. Dobi alimpigia simu siku hiyohiyo, akamwambia Pancha amesikia. Kicheko alimcheka. Alisema Pancha masikio yake yamekufa kwa kelele za kompresa, hata bomba likipasuka hasikii. Alipoona rafiki yake hacheki, akamwahidi doria ya kupita dukani kila siku. Alimwomba Mkuu, na Mkuu akakubali, akasema itaanza baada ya gwaride kwa sababu askari wote wako kwenye mazoezi ya kupiga hatua.

"Alipokata simu aliniambia kitu," mwanamke alisema. "Aliniambia, huyu mtu ananipenda, lakini ataniua kwa mdomo wake."

Kicheko hakuwa na pa kuweka uso. Akauinamisha kwenye shati, akaigeuza kola kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Ndani ya kola, karibu na kifungo cha juu, palikuwa na kishono kifupi cha uzi wa buluu. Alikijua. Kila nguo ya Dobi ilikuwa na uzi wake, kila mteja na rangi yake au mshono wake, ili za huyu zisichanganyike na za yule. Aliwahi kumtania kwa hilo, akimwambia anatoboa nguo za watu kama panya. Dobi alimjibu kwamba nguo isiyo na uzi haigusi maji yake.

Haigusi maji yake.

Mpelelezi alisimama. Alimuuliza shemeji yake kama asubuhi ile Dobi alikuwa ameloweka nguo zenye rangi. Akajibiwa kwamba aliloweka mashuka meupe tu, ya nyumba ya wageni, tangu jana yake. Kicheko alitoka nje karibu akimbie, akauvuka ua.

Beseni lilikuwa palepale alipoamuru liwekwe, juani, kuku wanalizunguka. Alimwita konstebo wa picha, akamwambia asimamie na apige picha kila kitakachotoka. Shuka la kwanza, uzi wa njano pembeni. La pili, njano. La tatu, njano. Kisha ikaja fulana ya mikono mirefu, na nyuma yake suruali nzito. Alitafuta kolani, kiunoni, kwenye pindo za miguu. Hapakuwa na uzi. Alizitandika kwenye turubai. Madoa yalikuwa yamelegea lakini hayajatoka, yametapakaa kifuani na kwenye mapaja.

Muuaji hakuwa mpumbavu. Angepita barabarani na furushi lenye damu, kila mtu angegeuza shingo. Lakini nguo iliyolowekwa kwa dobi nani ataiuliza? Alivua akaloweka, akavaa safi, akatoka kama mteja. Mjane naye, baada ya maziko, angelifuata beseni akafua damu ya mumewe kwa mikono yake. Kama si hivyo, angetokea afisa mwerevu wa kulitoa uani akitania. Konstebo aliandika kwa sauti kwamba kielelezo kilihamishwa kutoka eneo la tukio, akauliza ataje kwa amri ya nani.

"Yangu," alisema Kicheko. "Taja."

Mfukoni mwa suruali vilitoka vifuniko vidogo vya vali za tairi, vyeusi, vinne au vitano. Kicheko akarudi dukani kuutazama waya upya. Pengo lililomshughulisha asubuhi lilikuwa la shati lake. Kumbe pembeni kabisa, mwisho wa waya, palikuwa na hanga nyingine tupu. Alimuuliza mjane ilishika nini, naye akamwambia bila kufikiri: ovaroli la Pancha. Jana jioni lilikuwa bado linachuruzika, kavu lisingekuwa mpaka leo alfajiri. Uzi wake ni wa kijani.

Walimkuta Pancha gereji, amechuchumaa anaviringisha tairi kwenye pipa la maji akitafuta mapovu. Ovaroli lilikuwa limenyooshwa kiasi cha kuchekesha, fundi wa matairi mwenye mikunjo mguuni. Kicheko alimwomba ainame, akaigeuza kola. Kijani.

Mwenye Matairi alikuwa amekaa kivulini na soda yake. Aliwakaribisha, akauliza msiba umefikia wapi, akasema Dobi alikuwa mtu mwema na mtaa umepoteza. Alisema hayo yote bila kusimama.

Kicheko alimuuliza Pancha alilichukua lini ovaroli. Pancha akasema jana jioni, mkononi mwa marehemu mwenyewe. Likiwa kavu? Kavu kabisa. Kicheko alimwambia kwamba jana jioni lilikuwa linadondosha maji, na yupo aliyeliona. Pancha akafikiri, akasema basi labda alichanganya, labda ilikuwa leo mapema, ila alimwacha Dobi mzima anapuliza makaa. Kicheko akamwonyesha picha ya suruali na vile vifuniko. Pancha akasema vifuniko vya vali kila mwenye baiskeli anavyo. Lakini tairi lilikuwa limemponyoka likaanguka ndani ya pipa, na hakujishughulisha kuliokota. Alipoona pingu alimtazama tajiri wake, tajiri akatazama soda, na Pancha akapata ujasiri wa mwisho.

"Afande, mimi na Dobi tuna ugomvi gani? Nimuue kwa lipi?"

Swali hilo Kicheko alirudi nalo kituoni, akaingia nalo ofisini kwa Mkuu, wakalitazama wote wawili kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Suruali ingemfunga Pancha. Lakini Pancha alikuwa mkono tu, na mwenye mkono alikuwa anakunywa soda kivulini. Njia ya kumfikia ilikuwa moja: mahakama ijue kwamba Dobi ndiye mtoa habari, na kwamba Pancha aliyasikia hayo pale kwenye benchi akampelekea tajiri wake. Na aliyasikia kwa nani?

Mkuu alikuwa mtu wa ofisi safi. Alifunga dirisha kabla ya kusema. Alisema iandikwe wizi. Droo imepinduliwa, ushahidi wa wizi upo, Pancha atakwenda jela maisha yake yote na marehemu atakuwa amepata haki. Gwaride ni kesho kutwa na kadi za wageni zimeshatoka. Hakugusia doria. Kicheko naye hakugusia. Tena, kwa kuwa tumeshaamua kutoficha, tuseme na hili: alipousikia ushauri ule alihisi mabega yanalegea, kama mtu aliyeruhusiwa kuvua kiatu kinachobana.

Wakaenda pamoja kwa mjane, Mkuu na kofia yake kwapani, kuchukua maelezo. Mkuu alitoa rambirambi nzuri, ndefu. Kisha akamweleza mama kwamba muuaji ameshakamatwa, na kwamba katika maelezo yake ataje ovaroli, ataje mashuka, ataje beseni, inatosha. Habari za utani haziongezi kitu.

Mke wa Dobi aliuliza aliyemtuma Pancha yeye anakamatwa lini.

Mkuu akasema mambo ya kumtuma ni magumu, hayana ushahidi. Mwanamke akasema ushahidi umekaa hapo, ameinama, anachezea kalamu. Kicheko akajaribu kukata njia ya katikati. Alisema kwa sauti ndogo kwamba huenda ingeandikwa tu Pancha alihisi mwenyewe, kwa kuona polisi kaingia dukani, bila kuingiza maneno yaliyosemwa.

"Alihisi," mwanamke alisema.

"Shemeji, nikiyaandika yale mimi sina kazi tena. Naweza hata kushtakiwa."

Mwanamke alimtazama tu, na Kicheko, aliyewahi kuwakazia macho majambazi mpaka wakalia, aliyashusha yake. Sakafu ilikuwa ya saruji, imepasuka karibu na mguu wa kigoda, na mtu alikuwa ameiziba kwa ustadi. Dobi, bila shaka. Alikuwa mtu wa kuziba vitu mapema.

Kicheko akavuta karatasi safi. Juu akaandika jina lake, namba yake na cheo chake, kile cha zamani. Chini yake akaandika kwamba siku aliyopeleka shati la sare kwa marehemu alitamka mbele ya mteja maneno yafuatayo.

Mkuu alinyoosha mkono akaufunika mstari huo kwa kiganja. Hakumtazama Kicheko. Alimgeukia mwanamke, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, maana aliamini anachosema. Alimwambia afikirie watoto wake. Karatasi hii ikifika mahakamani, wakili wa tajiri ataisoma, na atajua mke wa Dobi ndiye shahidi pekee, ukimtoa Kicheko, wa yaliyosemwa mbele ya benchi lile. Ikibaki nje, hakuna atakayemgusa.

"Mimi mwenyewe nakuahidi, mama," alisema. "Tutakulinda."

"Hata mume wangu mlimwahidi. Toa mkono hapo, aandike."